Hodi Mdomoni mwa Bitaniya

Yewubdar si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikimaliza kusimulia watakuwapo watakaosema nimemsengenya. Milango yetu inatazamana, ghorofa ya tatu, na kahawa ya nyumbani kwake nimeinywa miaka mingi. Ni mwanamke safi, mchapakazi, anashona sare za shule katika kibanda kilicho chini ya jengo letu hapa Debre Birhan, na pindo aliloshona yeye mtoto humaliza darasa kabla halijafumuka. Ila Mungu alimnyima kitu kimoja, nacho ni uwezo wa kusikia ushauri na kuuacha upite.

Alizaliwa kijijini, upande wa Ankober, katika nyumba ambayo watoto walilelewa pamoja na kondoo na kwa namna ileile: jioni mnahesabiwa, mkitimia mlango unafungwa. Alipopata minyoo, shangazi yake alimlaza chali, akamkalia, akambana pua na kummiminia kosso kooni. Aliyewahi kunywa kosso haulizi kwa nini nalitaja hili. Ni dawa chungu ambayo hata mgonjwa mzima na akili zake huinywa kwa kubembelezwa. Yewubdar hawezi kukisimulia kisa hicho bila kujishika pua. Aliapa kwamba akijaliwa mtoto, hakuna atakayemfungua mdomo kwa nguvu. Kiapo chenyewe hakikuwa na ubaya. Tatizo ni kwamba alikaa nacho miaka ishirini akitafuta mtu wa kumweleza namna ya kukitekeleza, na mtu huyo akatokea redioni.

Aliitwa Sista Mihret, nesi wa zamani mwenye sauti ya upole, aliyezungumza na wazazi kila Jumamosi asubuhi. Baadaye alihamia kwenye simu, ambako alipatikana saa zote, na hapo ndipo mambo yalipoiva. Yewubdar alikuwa na mimba ya Bitaniya. Alisikiliza akiwa kwenye cherehani, akasikiliza akipika, akasikiliza akiwa chooni, nasi wa mlango wa pili tukasikiliza naye tupende tusipende.

Mtoto alipozaliwa, Sista Mihret alikuwa anafundisha kwamba mtoto alale peke yake kwenye kitanda chake, na akilia asichukuliwe, ajifunze kujituliza. Sasa hapa kwetu milimani, kwa baridi ya Desemba, hata kondoo hutafuta mgongo wa mwenzake wa kuegemea. Bitaniya alijifunza kujituliza kwa sauti ambayo jengo zima liliisikia. Mama mkwe wa Yewubdar, Emahoy Askale, aliketi nje ya mlango wa chumba na Zaburi yake mapajani, analia naye. Miezi michache baadaye Sista Mihret akatangaza kwamba utafiti mpya umeonyesha mtoto anahitaji joto la mwili wa mama mchana na usiku. Yewubdar akamtwaa Bitaniya, akamfunga kifuani, wala hakumshusha mpaka mgongo ukaomba daktari.

Nilimuuliza, na zile siku za kulia?

"Elimu inakua, mama Surafel," akanijibu.

Nikamwambia nilidhani anayetakiwa kukua ni mtoto. Hakucheka. Watu wenye mwalimu hawacheki ovyo.

Nisijifanye mimi nilikuwa mjanja kuliko yeye. Nusu ya jengo tulishikwa na upepo ule. Kuna wakati Sista Mihret alisema mtoto asiamrishwe, apewe mambo mawili achague, na mimi nikaenda kwa mwanangu Surafel, wakati huo ana ndevu tatu, nikamuuliza kwa upole kama angependa kufua soksi zake sasa au baada ya chakula. Alichagua kwenda kucheza mpira. Siku hiyo nikarudi kwenye malezi ya mama yangu. Yewubdar hakurudi, na ukweli usemwe, Bitaniya alikua mtoto wa kupendeza. Hakulia ovyo, alisema asante, aliwatazama watu wazima usoni na kuwajibu kwa sentensi kamili. Ukimkuta ngazini unaona haya kwa ajili ya watoto wako.

Halafu ukaja ule msemo. Bitaniya alikuwa ameanza kula chakula cha watu wazima, na Sista Mihret akasema: "Mdomo wa mtoto ni mlango wake. Usiingie bila hodi." Mtoto ale kwa mkono wake mwenyewe, tumbo lake limwambie lini limetosha, na mtu yeyote asimtie chakula mdomoni, hata kwa mapenzi. Yewubdar aliposikia maneno hayo aliacha cherehani izunguke yenyewe. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu alikuwepo kijijini kwao siku ile ya kosso, akaona, na sasa anamwomba radhi.

Lakini sisi tunalishana. Sahani ni moja, mikono ni mingi, na unayempenda unamkunjia kipande kizuri kuliko vyote ndani ya injera, ule mkate wetu mwembamba, unamtilia mdomoni kwa mkono wako. Hiyo ndiyo gursha. Tunamlisha mgeni, bwana harusi, mgonjwa, hata mtu tuliyegombana naye juzi. Ukikataa tonge umemkataa mtu. Wala haliishii moja, kwa maana tonge moja hugombanisha na la pili hupatanisha. Kwa hiyo aliyekulisha moja lazima akulishe jingine, ushibe usishibe.

Yewubdar aliupiga marufuku mkono wa kila mtu. Arusini alimketisha Bitaniya pembeni na sahani yake ndogo. Shangazi wakija na tonge, yeye anasimama katikati na kueleza habari ya mlango. Wengine walidhani mtoto ana ugonjwa. Wengine walidhani wao ndio wanaonekana wana ugonjwa, na hao hawajarudi mpaka leo. Shimelis, mumewe, fundi wa mitambo katika kiwanda cha mablanketi, ni mtu wa kukaa kimya kazini kwa sababu ya kelele na nyumbani kwa sababu ya amani. Alikubali. Aliyebaki ni mama yake.

Emahoy Askale ni mtu wa Wello. Mwaka wa njaa kubwa alitoka kwao kwa miguu na watoto watatu, akafika barabarani na mmoja. Huyo mmoja ni Shimelis. Alikuwa mdogo na dhaifu, hawezi kutafuna, na mama alitafuna punje za shayiri alizookota, akazilainisha mpaka mate yakamkauka, akamtia mtoto mdomoni kwa ncha ya kidole. Alimleta hivyo mpaka kambi ya chakula cha msaada. Baadaye alifiwa na mume, akavaa kofia ya utawa na shuka la njano, akawa Emahoy. Vyombo, shamba, hata jina la ujana aliviacha. Ule mkono wa kulisha hakuuacha. Hajui kusema anampenda mtu. Anakunja injera.

Mwanzoni alijaribu kutii. Anakaa na mjukuu wake, anakunja tonge, anakumbuka, analila mwenyewe. Lakini siku moja, wiki ya mwisho kabla ya Mfungo Mkuu, tulikuwa watu sita kwenye kahawa, tumefika kikombe cha tatu, kile cha baraka. Yewubdar alikuwa jikoni. Emahoy akachovya kipande cha injera kwenye shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akamlisha Bitaniya. Mtoto alifumbua macho kwa mshangao. Nadhani ni utamu.

Yewubdar alitokea na birika. Hakupiga kelele, yeye hapigi kelele, Sista Mihret hapendi. Aliweka birika chini, akapiga magoti, akamwambia Bitaniya afungue mdomo, na kwa kidole chake akalitoa lile tonge mbele yetu sote, akalifungia kwenye karatasi. Hakuona alichokifanya kidole chake. Sisi tulikiona.

"Emahoy," akasema kwa ile sauti ya redioni, "mlango huu una mwenyewe."

Bikizee akautazama mkono wake. Akaomba maji, akaunawa taratibu mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayetoka kuzika, kisha akasema bila hasira, "Mkono usiolisha haustahili kula." Tukadhani ni methali ya huko kwao. Mmoja wetu akaitikia, "Kweli kabisa," tukamaliza kahawa.

Kumbe alikuwa ametangaza mgomo.

Mgomo wa kula una kanuni moja tu, kwamba watu waone huli. Na Emahoy alianza wake siku tatu kabla ya mfungo ambao nchi nzima haili nyama wala siagi wala maziwa kwa karibu miezi miwili, na wacha Mungu hawatii kitu mdomoni mpaka alasiri. Sasa nani angeona? Mtawa asiyekula katika Mfungo Mkuu ni kama samaki aliyelowa. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, na Yewubdar akaipokea kwa heshima. Alikuwa akigusa shayiri ya kukaanga konzi moja kwa siku na maji, basi. Alikonda, tukasema neema imemshukia usoni. Abba Gebreyes, kasisi wake wa toba, alikuja kumtembelea, akamtaja kanisani kuwa mfano, na kina mama wawili wa ghorofa ya chini wakaanza kupunguza chakula kwa wivu. Yewubdar mwenyewe alijigamba kwangu: tangu siku ile ya tonge, alisema, Emahoy ametulia, hajavuka mpaka hata mara moja. Sista Mihret alikuwa amefundisha kwamba mtu mzima akiwekewa mpaka kwa upole huheshimu.

Asubuhi ya Fasika, ndiyo Pasaka yetu, nyumba yao ilinukia kuku na siagi mpaka ngazini. Majani mabichi yalitandazwa sakafuni, mkate mkubwa ukakatwa, mchuzi mwekundu ukamiminwa na mayai yake yanang'aa. Emahoy aliketi, akabariki chakula, akaweka mikono mapajani. Wakasema tumbo limezoea mfungo, kesho atakula. Kesho yake hakula. Jumatano, na hiyo ni Jumatano ya zile siku hamsini za baada ya Fasika ambazo kwetu hata mtakatifu haruhusiwi kufunga, Emahoy aliletewa supu ya kondoo, akaisogeza pembeni kwa mgongo wa mkono. Abba Gebreyes aliitwa. Alizungumza naye faraghani, akatoka akifuta jasho.

"Hii si saumu," akawaambia. "Mama huyu anawagomea. Na ameanza kabla yetu sote."

Alhamisi alianguka mlangoni akitoka kuchota maji. Nesi wa zahanati alimpima, akawaambia wazi kwamba mwili wa umri ule hauna akiba. Asipokula wiki hii, wasimwite tena nesi, wamwite kasisi. Shimelis, mtu wa kimya, alishuka mpaka chini ya ngazi akalia akiwa ameegemea ukuta. Nilimwona. Mtoto aliyelishwa kwa kidole njia nzima, leo ana kuku, ana kondoo, ana siagi, na mama yake anakufa njaa sebuleni kwake.

Mngedhani Yewubdar angeelewa hapo. Yewubdar alichukua simu akamwandikia Sista Mihret. Aliandika kwamba nyumbani kwake kuna mtu anakataa kula. Umri hakuutaja, akihofu kuonekana mjinga. Jibu lilikuja kwa sauti, la upole kama kawaida: usimlazimishe, usimtazame anapokula, mpe vipande vidogo vya kuvutia, ondoa sahani bila maneno, na akijitahidi hata kidogo msifu.

Basi Ijumaa nilivuka mlango nikamkuta mtawa wa miaka sabini na ushee amewekewa sahani ya mkate uliokatwa kwa umbo la kondoo. Jicho la kondoo lilikuwa mbegu ya giligilani. Yewubdar ameketi akiwa amempa mgongo, kama alivyofundishwa. Emahoy alimgeuza yule kondoo ili asimtazame.

"Vizuri sana, Emahoy," Yewubdar akasema ukutani. "Umekigusa chakula chako."

Nilitamani kucheka, nikashindwa, maana mikono ya Emahoy ilikuwa imebaki mifupa. Nikakasirika. Nilimvuta Yewubdar jikoni nikamwambia kwamba bibi huyu hataki kondoo wa mkate, anataka arudishiwe mkono wake, na kila mtu katika jengo hili anajua isipokuwa yeye na simu yake. Alisimama anajishika pua.

Jumapili ni Fasika ndogo, tunarudia karamu. Tulialikwa sisi wa mlango wa pili na Abba Gebreyes. Emahoy aliletwa akishikwa mabega mawili, akaketishwa na mto mgongoni. Sinia likawekwa katikati. Hakuna aliyeanza. Yewubdar alinawa mikono, akarudi, akakata injera, akaweka kipande laini cha kuku na robo ya yai, akakunja. Alikunja vibaya, mtu aliyekaa miaka bila kufanya. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Nife mimi, Emahoy," akasema, ndivyo tunavyosihiana kwetu. "Kula."

Bikizee akafungua mdomo. Shimelis aliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Emahoy alitafuna polepole, machozi yanamtoka, pengine ni pilipili, akameza. Yewubdar haraka akakunja la pili. Emahoy akageuza uso.

"Moja hugombanisha," nikamkumbusha kwa sauti ndogo.

"Najua," Emahoy akasema. "La pili nitalila. Ila kwanza mkono wangu ufanye kazi yake."

Akanyoosha vile vidole kwenye sinia. Alichukua muda, injera ilimponyoka mara moja. Alikunja kitonge kidogo, cha mdomo mdogo, akaweka kiini cha yai, akafuta mchuzi uliozidi kwenye ukingo. Akakipeleka kwa Bitaniya. Sote tukamgeukia Yewubdar. Alitikisa kichwa kukubali. Sijui ilimgharimu nini, lakini alikubali, na akamwambia mtoto, "Haya, mwanangu."

Bitaniya alikitazama kitonge. Akamtazama bibi yake usoni, kama alivyofundishwa. Akaweka kiganja juu ya tumbo lake, akasikiliza, akatabasamu.

"Asante sana, Emahoy," akasema. "Tumbo langu limesema limetosha."

Alisema vizuri. Sentensi kamili, bila kiburi, bila kulia. Sista Mihret angeweza kumweka redioni. Mama yake akamwambia ale hata mara moja tu, leo tu, na mtoto akamjibu kwa upole uleule kwamba mlango ni wake. Tangu azaliwe alikuwa ameambiwa hivyo na mtu anayempenda kuliko wote, kwa nini asiamini?

Mkono wa Emahoy ulibaki hewani. Mchuzi ukaanza kumtiririkia kuelekea kwenye kiwiko, naye haushushi, kwa sababu mkono wa namna hiyo haushuki na tonge. Nikaona macho yake yanaanza kwenda mbali, barabarani huko, na nikajua akiushusha leo hatauinua tena.

Yewubdar alikuwa bado amepiga magoti. Alisogea kwa magoti juu ya yale majani, akajiweka kati ya mtoto na bibi, mahali palepale alipokuwa akisimama siku zote kueleza habari ya mlango. Akafumba macho. Akafungua mdomo wake mwenyewe.

Emahoy alisita kidogo. Kisha akamlisha. Alikisukuma kitonge ndani kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu aliyewahi kumlisha asiyeweza kutafuna.

Bitaniya alisogea karibu, akaweka kiganja chake kidogo juu ya tumbo la mama yake.

"Mama," akauliza, "tumbo lako ndilo limeomba?"

Mdomo wa Yewubdar ulikuwa umejaa, na Emahoy alikwisha kuanza kukunja la pili.